Kabla ya Kumkata Opareta Mshahara, Pima Rangi

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii nitaandika sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Samahani wasomaji wangu, hifadhidata itangoja. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi jana, na nisipoliandika sasa najua nitaliacha lipite kama nilivyoacha mengine mengi.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni mtunzi wa programu, si mchapaji. Lakini miaka miwili iliyopita nilimtengenezea mzee mmoja mwenye duka la uchapaji, hapa katikati ya jiji la Nairobi, mfumo wa kupokea kazi kupitia mtandao. Mteja anapakia faili yake, anachagua karatasi na idadi, analipa kwa simu, kisha faili inaingia kwenye foleni ya mashine. Mfumo mdogo tu, hauna maringo. Mashine yenyewe ni zile printa kubwa za kidijitali zinazotumia tona, zinazojaza nusu ya chumba na kutema kurasa za rangi kutwa nzima. Bei yake ni mamilioni ya shilingi. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa kisa chenyewe. Alhamisi jioni karani wa sacco moja alileta jalada la ripoti ya mwaka kwenye flashi. Juu kijani cha sacco, chini utepe wa kijivu wenye maandishi meupe. Akaangalia nakala ya kwanza, akaitia sahihi, zikachapwa nakala 900 usiku huo. Ijumaa asubuhi akapiga simu: wanachama waliothibitisha kufika mkutanoni wameongezeka, anataka 600 zaidi. Hakutaka kushika matatu tena kuja mjini, kwa hiyo akaipakia faili ile ile kwenye mfumo wangu. Zikachapwa 600.

Mteja alipokuja kuchukua, akaweka nakala mbili juu ya kaunta, moja ya Alhamisi na moja ya Ijumaa. Hukuhitaji kuwa mtaalamu. Kijani cha Ijumaa kilikuwa kimechoka, kama jani la mgomba lililokaa juani. Utepe wa kijivu ulikuwa umegeuka kuwa na uwaridi fulani, kama maji ya kuoshea nyanya. Akazikataa zote 600.

Opareta, kijana wa miaka 20 na kitu, akafanya kile ambacho maopareta wote hufanya. Akaingia kwenye programu ya mashine, akapunguza majenta kwa macho, akachapa 200. Sasa kijivu kikawa na ukijani. Akaongeza kidogo. Hapana. Kufikia jioni alikuwa amemaliza karatasi na subira ya mteja, na kazi nyingine iliyofuata, kadi za harusi, ikatoka na nyuso za maharusi zimepauka kama wagonjwa, kwa sababu yale marekebisho ya majenta yalibaki pale pale kwenye mashine.

Jumatatu akaambiwa hasara ni Sh24,000 na kwamba itakatwa kwenye mshahara wake kwa miezi mitatu.

Hakunipigia simu kulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, huo mfumo wako huandika faili iliingia saa ngapi na nani aliigusa?" Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Haya basi, twende polepole.

Kila mtunzi wa programu anajua hata usingizini kwamba kitu kikiharibika, hubadilishi mambo mawili kwa wakati mmoja. Unatafuta kwanza hali ambayo unajua ilikuwa nzuri, kisha unabadilisha kitu kimoja, unaangalia, unabadilisha kingine. Tunaita hivyo kuwinda wadudu. Lakini ingia duka lolote la uchapaji siku rangi imekataa, na utaona watu wanne wakiizunguka mashine, kila mmoja na dawa yake. Mmoja anasema tona ni feki. Mwingine anasema ni karatasi. Wa tatu anazima na kuwasha. Wa nne, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye duka, anasema ni uzembe.

Tulichofanya Jumatatu ile mchana, mimi na yule kijana, ni kitu rahisi mno hata naona haya kukiandika. Tulichukua flashi ya Alhamisi, tukachapa nakala tano za faili ya Alhamisi, kwenye karatasi ya Alhamisi, baada ya kufuta yale marekebisho ya majenta. Halafu tukachapa nakala tano za faili iliyopitia mfumo wangu, karatasi ile ile, mipangilio ile ile. Tukatandaza zote karibu na dirisha.

Faili ya flashi: kijivu ni kijivu safi, sawa kabisa na cha Alhamisi. Kijani kimeinama kidogo upande wa manjano, lakini si kile kilichokuwa kwenye nakala zilizokataliwa. Faili ya mfumo: kijani kimechoka, kijivu kina uwaridi.

Unaona? Jawabu lilikuwa limegawanyika vipande viwili, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa amekisia sawasawa. Kulikuwa na tatizo dogo kwenye mashine na tatizo kubwa kwenye faili. Na faili iliyokuwa "ile ile" haikuwa ile ile.

Hapa inabidi nikiri. Tatizo kubwa lilikuwa langu.

Nilipojenga mfumo ule, seva ilikuwa ikijaa haraka, maana wateja hupakia PDF za megabaiti 300 bila huruma. Kwa hiyo kila faili inapoingia niliipitisha kwenye Ghostscript, programu huria ambayo wengi wenu mnaijua, ili ibanwe. Amri yangu ilikuwa na kipande hiki: -dPDFSETTINGS=/ebook. Faili zikawa ndogo, seva ikapumua, nami nikajipongeza na kikombe cha chai. Sikusoma vizuri kwamba mpangilio huo umekusudiwa kusomwa kwenye skrini. Hupunguza picha hadi nukta 150 kwa inchi na, hili ndilo baya, huzigeuza rangi zote kuwa RGB. Si kosa la Ghostscript. Maelezo yake yanasema wazi kwa mtu anayesoma maelezo.

Kwa nini RGB iharibu kijivu? Sikiliza vizuri maana hapa ndipo penye utamu. Yule mchoraji wa sacco alikuwa fundi. Utepe wake aliuchora kwa wino mweusi peke yake, asilimia 60. Kijivu cha wino mmoja hakiwezi kugeuka waridi hata mashine iwe imelewa. Kinaweza kukoza au kufifia tu. Lakini kikishageuzwa kuwa RGB, ule ukweli kwamba "huu ni mweusi peke yake" unapotea milele. Inabaki nyekundu, kijani na buluu kwa kiasi sawa. Faili ikifika kwenye mashine, kuna programu inayoitwa RIP, ambayo kazi yake ni kuigeuza PDF kuwa vitone vya wino nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. RIP ikaona kijivu cha RGB, ikakijenga upya kwa wino zote nne. Na kijivu kilichojengwa kwa wino nne ni kama kigoda cha miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa. Mguu mmoja ukizidi kidogo tu, jicho linaona, kwa sababu macho yetu ni makali sana kwa kijivu. Majenta ikipanda hata kwa kiasi ambacho kwenye picha ya maua usingekiona kamwe, kijivu hicho kinakuwa waridi.

Kijani nacho kiliteseka. Kuna kijani ambacho wino unaweza kukichapa lakini RGB ya kawaida ya skrini, ile sRGB, haikifikii. Ukikipitisha kwenye mlango huo mwembamba, kinaingia na mabega, kinatoka bila mabega. Huwezi kuyarudisha baadaye kwa kucheza na majenta.

Basi tukiri kwamba kijana alikuwa akihangaika kurekebisha kwenye mashine ugonjwa uliokuwa kwenye faili. Angeweza kukaa pale hadi Krismasi.

Lakini sikumaliza, kwa sababu bado kulikuwa na kile kijani cha faili ya flashi, kilichoinama kidogo upande wa manjano kati ya Alhamisi na Jumatatu. Hapo faili haikuwa imebadilika hata baiti moja. Mashine ndiyo iliyosogea.

Mashine za tona husogea. Si kasoro, ndiyo tabia yake. Tona ni unga wa plastiki wenye rangi, chembe zake ni ndogo mno, maikroni chache tu. Unga huo hupewa chaji ya umeme kwa kusuguliwa, halafu chaji ndiyo inayoamua ni unga kiasi gani utarukia dramu, kisha kwenye mkanda, kisha kwenye karatasi, kabla ya joto kuuyeyusha ushike. Chaji hiyo hubadilika na hali ya hewa. Hewa kavu, chaji inapanda. Hewa yenye unyevu, chaji inashuka. Karatasi nayo hunywa unyevu kutoka hewani kama mkate. Jaribu kuchapa kazi moja Januari, jua la Nairobi likiwa kali na hewa imekauka, kisha Aprili wakati wa masika, dirisha likiwa wazi. Na wenzetu wa Mombasa wasinicheke, maana wao wanaishi na unyevu huo mwaka mzima na ridhaa zao za karatasi wanaziacha wazi vilevile. Ongeza umri wa dramu, ongeza chupa mpya ya tona, ongeza mashine iliyowashwa asubuhi kwa baridi ikilinganishwa na ile iliyokimbia saa sita. Mashine zina vihisio vyao vya ndani vya kujirekebisha, lakini havimalizi kila kitu.

Ndiyo maana kuna kalibresheni. Nimegundua kwamba hata watu waliokaa kwenye uchapaji miaka mingi huchanganya kalibresheni na profaili, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa mfano. Fikiria una mizani sokoni. Kalibresheni ni kuhakikisha mizani ikiwa tupu inasoma sufuri na kilo moja inasoma kilo moja. Profaili ni ramani inayosema: mashine hii, kwenye karatasi hii, ukiipa kiasi hiki cha sayani na kiasi hiki cha manjano, inatoa rangi hii hasa. Profaili ilitengenezwa siku mizani ilikuwa sawa. Mizani ikiharibika, ramani bado ni nzuri lakini inaelezea mji ambao haupo tena. Watu hupenda kununua profaili mpya, kubadilisha profaili, kulaumu profaili. Mizani hawaigusi.

Na kwa wapenda historia: mwaka 1993 makampuni manane, yakiwemo Adobe, Apple, Kodak, Microsoft na Sun, yaliunda International Color Consortium ili rangi iwe na lugha moja kutoka kifaa hadi kifaa. Mwaka huo huo wa 1993 Indigo na Xeikon zilizindua mashine zao za kwanza za uchapaji wa kidijitali wa rangi. Kwa hiyo mashine hizi na lugha ya rangi ni marika kabisa, wametahiriwa msimu mmoja. Miaka zaidi ya 30 baadaye bado tunawasuluhisha.

Nikamuuliza kijana: mara ya mwisho mlifanya kalibresheni lini? Akanionyesha kwenye RIP. Wiki saba zilizopita. Nikataka kumkaripia. Kisha akaniambia sababu, nikanyamaza.

Mashine hizi nyingi hulipiwa kwa kliki. Kila karatasi inayopita, kampuni inayoitunza mashine inahesabu na mwisho wa mwezi unaletewa bili. Karatasi za kalibresheni nazo, pale dukani, zinahesabiwa. Mzee alikuwa ameona kwenye bili kurasa ambazo hakuna mteja aliyezilipia, akauliza ni za nini, akaambiwa ni za kupima rangi, akasema: "Hapa tunauza kuchapa, hatuuzi kupima." Tangu siku hiyo kijana akawa anabonyeza kitufe cha kuahirisha kila mashine inapomkumbusha.

Mimi sisemi mzee ni mtu mbaya. Amenilipa kila senti na kwa wakati, jambo ambalo wateja wangu wengine wangejifunza. Lakini hesabu yake ni mbovu, na ni hesabu ambayo naiona mji mzima. Mtu ananunua mashine ya mamilioni, anaweka kiyoyozi, anaweka bango la kung'aa mlangoni, halafu kifaa cha kupimia rangi hana. Nilipomtajia spektrofotomita akaniuliza bei, nikamwambia, akasema bei hiyo inamnunulia pikipiki ya kupelekea kazi kwa wateja. Sawa Mzee, lakini pikipiki itapeleka nini? Nakala 600 za waridi?

Tena kupima si lazima kuanze na kifaa cha bei. Baadhi ya mashine zina vihisio vya rangi ndani ambavyo husoma karatasi inapopita. RIP nyingine hukubali usome karatasi ya kalibresheni kwa skana ya mashine yenyewe. Si sahihi kama spektrofotomita, lakini ni mara mia bora kuliko jicho la mtu aliyechoka saa tatu usiku. Na kwa watunzi wa programu wenzangu walio na hamu, iko ArgyllCMS, programu huria, inatumia spektrofotomita nyingi na hailipishi chochote. Little CMS nayo iko ndani ya programu huria nyingi unazozitumia tayari bila kujua.

Na kama huna kabisa chochote, fanya hiki. Tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio na usiuguse tena maisha yako yote. Weka juu yake kijivu cha wino mweusi peke yake, na kando yake kijivu kilichojengwa kwa sayani, majenta na manjano. Weka miraba ya kila wino ikiwa imejaa, na miraba ya asilimia 25, 50 na 75. Weka uso wa mtu, ikiwezekana nyuso mbili za weusi tofauti, maana ngozi zetu ndizo zinazofichua majenta haraka zaidi. Uchape kila asubuhi, karatasi ile ile, uandike tarehe na saa nyuma, uweke kwenye faili ya kawaida ya ofisini. Gharama: kliki moja. Siku mteja akija na malalamiko, hutabishana. Utachapa ukurasa huo, utauweka kando ya ule wa siku kazi yake ilipochapwa. Kama kurasa mbili zinafanana, mashine haina hatia, katafute kwenye faili na mipangilio. Kama hazifanani, usiguse faili ya mteja hata kwa ncha ya kidole.

Sisi kwenye programu tunafanya hivi kila siku: tuna majaribio yanayojiendesha kila msimbo unapobadilika. Sijui kwa nini nilidhani uchapaji ni ulimwengu mwingine.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo fundi mmoja alinifundisha na nalipenda kwa sababu halihitaji chochote. Kama rangi inatofautiana ndani ya karatasi moja, upande wa kushoto umekoza na wa kulia umefifia, chapa kazi hiyo tena ikiwa imegeuzwa juu chini kwenye faili. Kama ukozaji umegeuka pamoja na picha, tatizo liko kwenye picha. Kama umebaki upande ule ule wa mashine, ita fundi, maana hakuna marekebisho ya RIP yatakayokuokoa. RIP haijui kushoto na kulia kwa dramu. Na alama inayojirudia kwa umbali sawa kwenye karatasi ni ya kitu kinachozunguka. Pima umbali huo kwa rula, fundi atajua ni silinda ipi.

Halafu taa. Jamani, taa. Ile kaunta ambapo mteja alilinganisha nakala iko chini ya taa za bei rahisi za LED zenye ubuluu. Karatasi nyingi nyeupe zina kemikali za kung'arisha zinazomeza mwanga wa ultravioleti na kuurudisha kama ubuluu, kwa hiyo karatasi mbili zinazofanana kaunta zinaweza kuachana barazani. Rangi mbili pia zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine. Wachapaji wa dunia wamekubaliana kuangalia chini ya mwanga unaoitwa D50, na upo hata katika kiwango cha ISO 3664. Duka letu halitanunua kibanda cha D50 kesho, najua. Lakini linaweza kuamua kwamba nakala zote zinaangaliwa sehemu moja, chini ya taa moja, na mteja anatia sahihi akiwa amesimama hapo hapo.

Namba zenyewe zisikutishe. Kuna kipimo kinaitwa delta E, ambacho ni umbali kati ya rangi mbili. Umbali wa 1 hivi, jicho lililozoea ndipo linaanza kushuku. Kiwango cha ISO 12647-2, kilichoandikiwa uchapaji wa ofseti, kinaruhusu wino kuu zilizojaa ziachane na rangi inayotakiwa hadi 5. Yaani hata wakubwa wa dunia hawadai ukamilifu. Wanadai tu kwamba ujue uko umbali gani.

Narudi kwa kijana, maana yeye ndiye sababu ya makala hii.

Sheria ya Ajira ya 2007 ya Kenya, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaweza kufanya kwenye mshahara. Kwa uharibifu wa mali ya mwajiri, inazungumzia kiasi cha haki, na kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kwa makusudi. Mimi si wakili. Lakini nauliza, makusudi ya nani? Yeye alichapa faili iliyoharibiwa na msimbo wangu, kwenye mashine aliyokatazwa kuipima, chini ya taa asizozichagua. Na bado bila ile flashi, ambayo kwa bahati karani hakuwa ameifuta, asingekuwa na njia yoyote ya kujitetea. Angesema "nilibonyeza kitufe kile kile," na nani angemwamini? Pasipo na kipimo, kosa huteremka kama maji hadi kwa mtu wa chini kabisa, na hapo linakauka.

Wapo watakaosema opareta mzuri ana jicho, kwamba wazee wa ofseti hawakuhitaji namba. Nimewasikia, na jicho hilo nimeliona likifanya kazi, ni kweli ni la ajabu. Lakini jicho halina tarehe wala saa. Jicho la Alhamisi haliwezi kuletwa Jumatatu mbele ya meza ya bosi.

Tulichofanya tangu hapo: kwenye mfumo wangu faili ya mteja haiguswi tena, inahifadhiwa kama ilivyoingia pamoja na alama yake ya SHA-256, ili "faili ile ile" iwe neno linaloweza kuthibitishwa. Kinachobanwa ni picha ndogo ya kutazama kwenye skrini tu. Nimeongeza ukaguzi unaopiga kelele ikiwa PDF ina RGB, au picha zisizo na profaili, na mteja anaombwa ikiwezekana alete PDF/X-4. Nimeongeza pia ukurasa ambapo opareta anaandika kalibresheni ya asubuhi, na mfumo unaiambatanisha na kila kazi ya siku hiyo: mashine ilipimwa saa ngapi, karatasi gani, nani alikuwa zamu. Akiahirisha, inaandikwa ameahirisha na kwa amri ya nani. Hicho kipengele cha mwisho Mzee hakukipenda. Nilimwambia kinaweza kuondolewa akinitumia maombi kwa barua pepe. Hajatuma.

Siku ile ile ya Jumatatu tulifanya kalibresheni, tukachapa faili ya flashi, na zile 600 zikatoka zikifanana na 900 za kwanza kiasi kwamba karani alizichanganya mwenyewe kwenye kaunta akashindwa kuzitenganisha.

Makato je? Nilimwandikia Mzee barua ndefu nikaeleza kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Akakubali kusimamisha ya mwezi wa pili na wa tatu. Ya mwezi wa kwanza, Sh8,000, ilikuwa tayari imeshakatwa, na alisema vitabu vya mwezi huo vimefungwa. Kwa hiyo kwenye ankara yangu ya mwezi huu nimeweka mstari mmoja mpya: punguzo la Sh8,000, hasara iliyosababishwa na programu, ilipwe kwa opareta. Nimeituma jana saa nne asubuhi. Mfumo unaniambia ameifungua mara tatu.